Bibi Asiyekula Wasichana

Ruanda, Mbinga
2 Februari 2024

Dada Aurelia,

Shikamoo. Ni mimi Nazari, mdogo wako wa tumbo moja. Barua hii nimempa Mzee Abdulhamid wa dagaa, na ukinijibu mpe yeye huyohuyo, maana kila Jumamosi anapandisha mzigo huku. Simu yangu ilitumbukia chooni. Usishangae, ndiko ninakoishi. Ya mama siwezi kuitumia kwa sababu huiweka spika kila mtu asikie, na Lipingo ikitajwa humu ndani hata kuku wanatoka nje.

Nimetoka Dar. Baba alinipeleka baada ya Krismasi damu ilipokataa kukatika. Habari za tumbo langu unazijua: tangu nina miaka miwili mimi na choo tumefunga ndoa ya kanisani, hakuna talaka. Ila safari hii nilimpata daktari mmoja, mama mtu mzima, ambaye hakuniuliza nimekula nini. Aliniuliza wajomba zangu wako wapi. Nikamwambia ni wawili, Joakim na Raimundi, wote walikufa vijana, wote tumbo. Kuharisha damu, kukonda, vidonda vinatoboka kando ya njia ya haja kama vyangu. Akaniuliza, na mama zako wadogo? Nikamwambia wazima, wanalima kahawa na kugombana. Basi akatoa damu yangu ikapelekwa nje ya nchi, na majibu yamekuja.

Dada, kaa chini kwanza. Ugonjwa ni wa utumbo kuvimba, wanauita Crohn, lakini wa kwangu una mzizi wake. Kuna kosa kwenye kinasaba. Mama hulibeba yeye mwenyewe haugui. Akimrithisha mtoto wa kike, naye hubeba tu. Akimrithisha wa kiume, huyo ndiye anayeugua. Umeona? Yale maneno waliyomfukuzia bibi mzaa mama, kwamba ni mchawi ila hali wasichana, anakula wavulana tu! Ndiyo maana wakakuacha wewe uondoke naye, kwa kuwa wewe ni msichana, hakudhuru. Kumbe ni kinasaba, dada. Kinasaba!

Sasa linalokuhusu. Vidonge vinanituliza lakini haviponyi. Tiba ni kupandikizwa seli shina. Hizo ni mbegu za damu, zinakaa ndani ya uloto wa mifupa. Wataiua damu yangu yote kwa dawa kali, kisha watanimwagia mbegu za mtu mwingine, ziote upya, kinga nzima iwe mpya. Mtu huyo inafaa awe ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Nimejaribu kuhesabu ndugu zangu wa namna hiyo nikaishia kwako. Bila hivyo, daktari hakunificha, mwaka au miwili.

Nakuomba, dada. Msalimie bibi, mwambie mjukuu wake anamsalimu.

Nazari


Lipingo
11 Februari 2024

Mdogo wangu Nazari,

Marahaba. Barua yako nimeisoma hadi pale kwenye "nakuomba", nikaiacha nikaenda kumwomba mwalimu mkuu ruhusa, ndipo nikarudi kumalizia. Usiniombe tena. Mtu haombi maji kwenye mtungi wa kwao. Watoe mfupa mzima wakitaka, nitafundisha darasa la tatu nikiwa nimeketi.

Nilimsomea bibi. Yote, hata la choo, akacheka. Nilipofika kwenye kinasaba akanisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia mara tatu, mara ya mwisho kwa Kinyasa cha huku ziwani ili asije akasema hakuelewa. Akauliza, "Kwa hiyo Joakim wangu hakulogwa?" Nikamwambia hakulogwa. "Na Raimundi?" Naye hakulogwa. Dagaa wa usipa aliokuwa anaanika walikuwa bado wamemjaa mikononi. Halafu akaniuliza, "Na mimi?"

Nazari, nimeishi na bibi huyu miaka kumi na saba, nimemwona akizika dada yake, nimemwona akitukanwa kisimani, sijawahi kumwona analia. Siku ile alilia mpaka majirani wakaja. Aliponyamaza aliniambia jambo ambalo sikulijua. Alisema watu wote wakisema neno moja juu yako kwa muda mrefu, na wewe unaanza kujichunguza. Alikuwa anajiuliza kama huwa anatoka usingizini bila kujua, akawala wanawe. Miaka yote hiyo! Nilikasirika hadi nikashindwa kula.

Kwa hiyo umemtua mzigo. Ila nisikilize mimi mkubwa wako. Nyumbani usiwaeleze habari za kinasaba. Waambie damu yako ina kasoro, dada anakupa damu, basi. Wewe unadhani unawapelekea habari njema. Mimi watu wale nawajua.

Aurelia


Ruanda
8 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika nimeshachelewa. Nilikuwa nimekwisha kusema.

Jumapili ile sengu ilikaa kwa baba mkubwa Nicholaus. Unakumbuka inavyokuwa, wanaume wa ukoo wote wanakula pamoja, wakishiba ndipo mambo ya ukoo yanasemwa. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa kwenda kuhubiri. Nilichora hata chini kwa kijiti: huyu bibi, huyu mama, hawa wajomba, huyu mimi. Nikasema hakuna mchawi hapa, wazee wangu, kuna ugonjwa tu unaoshuka kutoka kwa bibi kupitia kwa mama, unatupata wavulana.

Wakautazama mchoro wangu. Nikadhani nimewaingia. Baba mkubwa akanawa mikono taratibu, akasema, "Kwa hiyo hata daktari wa Dar amekubali kwamba umetoka kwa bibi yako." Wote wakaitika eee! Mmoja akasema, tulisema sisi wazee wasiosoma, tukaitwa washamba, leo mashine imesema hilohilo. Dada, niliona kijiti kinanitoka mkononi.

Mama akaitwa. Alipoambiwa kwamba mbegu za damu zitatoka kwako, alisimama katikati ya wanaume akasema, "Aliyelelewa na yule, akala chungu cha yule miaka kumi na saba, damu yake haiingii kwa mwanangu. Ataingizwa yule bibi mwenyewe ndani ya mifupa ya mtoto, na huko nani atamtoa?" Baba akaangalia chini. Unamjua baba.

Najua utasema mimi ni mtu mzima, nina miaka kumi na tisa, nitie saini mwenyewe nipande gari. Naweza. Lakini siendi bila radhi ya mama. Wananiulia damu yote kwanza, dada, siku kadhaa nitakuwa mtupu ndani. Nikifa katika hali ile na mama amekataa, nitakuwa nimekufa mtoto wa nani? Kaa nikuombe uvumilivu. Namlainisha kidogokidogo.

Nazari


Lipingo
19 Aprili 2024

Nazari,

Marahaba. Nilikwenda Songea wiki ya Pasaka, wakanitoa damu ikapelekwa Dar. Jana daktari wako amenipigia mwenyewe. Tunalingana. Kila walichopima kimelingana, na lile kosa sinalo, sikulirithi. Alifurahi huyo mama utadhani ni mwanawe. Amesema kitanda kitapatikana Juni, tarehe ishirini na nne tuwe tumefika wote wawili. Alisema pia utumbo wako haupendi kusubiri.

Sasa hilo la radhi. Radhi ya mama ni kitu kikubwa, sikatai. Ila mimi nimeishi bila hiyo tangu nina miaka kumi, na angalia, ninafundisha, ninakula samaki wa mbasa, nimenenepa. Mama alinitazama napanda gari na bibi, hakusema hata kwaheri. Nimekuja kuamini radhi ni kama mvua. Ukiisubiri usipande, utakufa njaa huku unatazama mawingu.

Samahani. Nimeandika kwa hasira lakini siifuti.

Bibi alinisikia nikisoma barua yako na tangu hapo ananichosha kwa maswali. Wale wazee wanataka nini hasa? Je, mtu akishafunguliwa na mchawi wake, mama yako atakubali? Nikamwambia bibi, hakuna cha kufunguliwa, tumeshamaliza habari hiyo. Akasema, "Mimi na wewe tumemaliza. Wao bado." Akaendelea kupepeta.

Njoo, mdogo wangu. Radhi utaiomba ukiwa na damu mpya.

Aurelia


Ruanda
24 Mei 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwetu kwa kulingana! Nimetembea na habari hiyo moyoni kama mtu aliyeficha sukari mfukoni.

Mama bado. Nilimwambia tunalingana, akasema ndivyo mtego unavyolingana na panya. Lakini naona analegea. Juzi alinipikia kande bila maharage kwa ajili ya tumbo langu, akakaa kunitazama nakula, akasema nina shingo ya Raimundi. Hajawahi kumtaja kaka yake mbele yangu.

Mimi sijambo. Nimeongezeka hata uzito. Mzee Abdulhamid akikwambia nimekonda, mwambie macho yake yamezoea kupima dagaa.

Nazari


Lipingo
6 Juni 2024

Nazari,

Hii ni ya haraka, nimemwomba Mzee Abdulhamid apande nayo leo bila kusubiri soko.

Bibi hayupo. Juzi aliniambia anakwenda Liuli msibani, akavaa kanga mpya, akabeba kikapu. Leo nimekutana na watu wa Liuli, hakuna msiba wowote. Kijana wa stendi ya Mbamba Bay anasema alimpakia kwenye gari la Mbinga. Mzee Abdulhamid anasema wewe unatembea kwa kushika ukuta, kwa hiyo kumbe nyote wawili mmenidanganya, bibi na mjukuu.

Kama yuko huko, mtoe. Mfiche hata kwa padre. Walishamwambia akikanyaga Ruanda tena watamchoma na nyumba. Ana miaka sabini na mbili, Nazari, magoti yake hayakimbii. Nimeshindwa kufundisha leo.

Aurelia


Ruanda
9 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Bibi mzima. Wakati unasoma hii atakuwa amefika au yuko njiani, baba amempeleka mwenyewe hadi Mbinga akampandisha gari. Kaa nikueleze kabla hajakupa maelezo yake, kama atakupa.

Alifika Jumatano, sengu imekaa. Alipita katikati ya uwanja wa baba mkubwa kama mtu anayekwenda sokoni, akapiga magoti. Watu wakaamka kutafuta fimbo. Akasema kwa Kimatengo safi cha huku kwetu, sikujua hata kama bado anakikumbuka, "Kaeni. Nimekuja kusema mlilokuwa mnalitaka. Ni mimi. Joakim nilimla mimi, Raimundi nilimla mimi, na huyu nilikuwa nimemfunga. Leo nimezeeka, namfungua. Mpelekeni Dar. Damu ya dada yake ni safi, yule sikumgusa."

Mama alipiga ukunga akaanguka. Dada, mimi nilitaka kupaza sauti niseme mwongo huyu, anadanganya! Mdomo ukafunguka. Bibi akanitazama tu, nikaufunga.

Wakaleta maji na unga. Akayatia mdomoni, akanipulizia kichwani, akanipaka unga usoni mbele ya ukoo mzima. Alipofika kwenye sikio alininong'oneza, "Nenda hospitali, mwanangu. Nenda upesi." Alinukia usipa na moshi, na nikakumbuka harufu hiyo, ingawa naambiwa nilikuwa na miaka miwili tu alipoondoka.

Vijana walimvuta kanga ikachanika, wakamtupia udongo. Baba akasimama mbele yake. Baba yetu, dada! Akasema amekwisha kufungua, atakayemgusa atanigusa mimi.

Na mama ametoa radhi. Alinishika kichwa akasema, "Nenda popote sasa, mwanangu, nimekupa radhi." Nimelia kama mtoto. Bibi amenunua radhi hiyo kwa jina lake, na jina lake ndilo lililokuwa limesafishwa juzi tu. Sijui nitamlipa nini.

Tarehe ishirini na nne. Tukutane stendi ya Songea siku mbili kabla.

Nazari


Lipingo
14 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Amefika. Kanga imeshonwa, mdomo pia umeshonwa. Nilimfokea, Mungu anisamehe, nilimfokea bibi yangu. Nilimwambia, umelia hapa Februari kwa sababu umejua hukuua mtu, na Juni umekwenda kusema umeua! Akasema, "Lile la kweli nilitaka kulijua mimi. Hili lingine walitaka wao. Kila mtu amepata chake, mtoto apate dawa." Kisha akaniuliza kama Dar kuna baridi.

Habari imeteremka hadi huku. Leo kisimani wanawake wamempisha achote wa kwanza, si kwa heshima. Yeye anasema ni vizuri, hapangi foleni.

Nimeshafunga begi. Nimekununulia sweta, chumba cha kutengwa wanasema kina baridi ya mashine. Stendi ya Songea, tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi. Njoo na mtu wa kukushika, ukuta hausafiri.

Dada yako


Ruanda
28 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Najua ulinisubiri. Baba amesema ulipiga simu mara nyingi na mama alikuwa anaizima. Usiikunje barua, isome yote.

Mama ametoa radhi nipone, ndiyo. Sasa anasema nimekwisha kupona. Hospitali ya nini tena kwa mtu aliyefunguliwa? Sengu nayo imesema hivyohivyo. Mtu aliyefunguliwa akienda kutafuta damu nyingine anamtukana aliyemfungua, ataghairi, atanifunga upya. Hata vidonge vyangu mama ameviweka kabatini. Baba mkubwa amesema tuvune kahawa kwanza, tutazame.

Na jambo baya ni kwamba nilipata nafuu, dada. Kweli kabisa. Siku kumi baada ya bibi kuondoka damu ilikata, nikala sahani mbili, nikatembea hadi shambani nikachuma kahawa debe zima. Mama alikuwa anaimba. Sijawahi kumsikia mama anaimba. Watu wanakuja kunitazama kama picha ya sikukuu. Daktari alishaniambia ugonjwa huu huwa unalala na kuamka, najua, lakini nimwambieje mama akiwa anaimba?

Nikimwambia mama kwamba bibi alidanganya ili nipelekwe, radhi inarudi mfukoni, na bibi atakuwa ameichezea sengu. Watamfuata hukohuko Lipingo. Nikinyamaza, nimefunguliwa. Nimezungushiwa boma pande zote na watu wanaonipenda.

Nipe mwezi mmoja. Mwombe daktari anishikie kitanda.

Nazari


Lipingo
26 Julai 2024

Nazari,

Nimeomba kitanda, wamekupa Agosti kumi na mbili. Ni mara ya mwisho, wapo wengine wanaosubiri.

Mzee Abdulhamid ameniambia kwamba Jumamosi iliyopita hukutoka nje kumsalimia. Alisikia sauti yako ndani, akaambiwa umelala. Saa sita mchana umelala?

Sikiliza. Usimwambie mama chochote. Usiage. Toka kama mtu anayekwenda chooni, hapo hakuna atakayekushangaa, halafu endelea kutembea mpaka barabarani. Mzee Abdulhamid atakusubiri na gari Jumamosi ijayo, nimeshamlilia amekubali. Watakaloniita waniite, mwizi wa mtoto, mchawi mdogo. Bibi wakimfuata, watanikuta mlangoni. Hayo ni yetu sisi, wewe acha kuyabeba.

Nakupenda, mdogo wangu. Sijawahi kukuandikia hivyo, kwetu hatuandiki hivyo. Naandika ili usiseme hukujua. Panda gari.

Aurelia


Ruanda
20 Oktoba 2024

Aurelia,

Ni mama yako. Nimejifunza njia ya Mzee Abdulhamid kutokana na barua zako nilizozikuta kwenye godoro la marehemu. Ya mwisho hakuisoma yeye. Ililetwa siku tuliyokuwa tunamlaza kaburini.

Ulipokuja kuzika hatukusemezana. Ulisimama upande ule wa kaburi na mimi upande huu, na nilikuona hukunitazama. Sikulaumu. Kwa kuwa hukuniuliza, nakueleza sasa. Utumbo ulitoboka. Alipiga kelele asubuhi moja mpaka majirani wakakimbia kutoka mashambani. Tulimpakia kwenye gari la kubebea kahawa, juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwangu. Kabla ya kufika Mbinga mjini aliniambia, "Mama, usimkasirikie bibi." Nikadhani anaweweseka. Hakusema tena.

Sasa nikwambie ya hapa. Baada ya arobaini sengu ilikaa. Shemeji Nicholaus akasema: yule bibi alimfungua mtoto mbele yetu sote, tuliona mtoto akapona. Basi aliyemfunga tena ni nani? Nani alikuwa anampikia? Nani ni binti wa yule? Na yule mwanao alichora chini kwa kijiti, alituonyesha mwenyewe, kutoka kwa bibi kuja kwa mama kwenda kwa mtoto. Wote wakaitika. Mimi nilikuwa nimebeba chungu cha ugali wao, nikakitua.

Baba yako hajasema kitu. Alisimama mbele ya mama yangu, mbele yangu hajasimama. Nadhani nguvu zilimwishia. Kahawa niliyoianika hakuna anayeigusa. Watoto wakipita hapa mama zao wanawaita. Jana nilikuta majivu yamemwagwa mlangoni.

Nilipomfukuza mama yangu sikuwa nasema uongo, Aurelia. Niliamini. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili anayetoka damu na ndugu wawili makaburini, niliamini kwa nguvu zangu zote. Sasa najitazama mikono nikiwa nakanda unga na naogopa. Barua zako zinasema alidanganya, lakini nataka neno la kinywa chake: mwulize mama yangu, siku ile alisema kweli? Kama ni kweli, basi mimi ni nani? Na kama si kweli, mwanangu nilimzuia nini?

Mwulize pia kama kuna mahali kwake. Hata jikoni. Akikataa nitaelewa. Sina pengine.

Tadea, mama yako


Lipingo
27 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Sikuandikii kwa upole, sina upole wa kukupa mwezi huu. Nilipoona mwandiko wako nilitoka nje ili niitupe barua ziwani. Nilifika hadi kwenye mitumbwi nikarudi.

Kaburini sikukutazama kwa sababu ningekurukia. Mbegu zile daktari alizozitaka bado ninazo. Zimo kwenye nyonga zangu hizi, nzima, hazina kosa, zinazaa damu kila siku na hazina mtu wa kumpa. Nikilala ubavu ninazifikiria. Nikisimama kufundisha ninazifikiria. Nimeambiwa zingeota. Sijakusamehe, mama, na sijui kama nitakusamehe, ila sitaki uchomwe. Hayo yote mawili ni ya kweli.

Barua yako nimemsomea bibi jana mchana. Nilitaka kuruka pale kwenye magunia ya kahawa, akaniambia soma yote. Alisikiliza hadi mwisho amefumba macho. Nikamuuliza, nimjibu nini? Nilidhani atafurahi. Mimi ningefurahi. Miaka kumi na saba, na sasa yule aliyesema toka anabisha hodi.

Akasema niandike haya, na nimeyaandika kama alivyoyatamka.

"Mwambie nilidanganya. Sikumla Joakim, sikumla Raimundi, sikumfunga Nazari, na yeye hakumfunga. Hakuna aliyekula mtoto. Mwambie nilidhani uongo wangu utamfikisha hospitali, ukamfikisha shambani kuchuma kahawa, na hilo ninalala nalo mimi. Sasa mimi na yeye tumezaa wavulana watatu na tumewazika wote, tusiulizane tena nani ni nani.

"Mwambie jikoni halali mtu. Kuna kitanda.

"Mwambie siku waliponitoa Ruanda nilisimama barabarani na kikapu, sikujua pa kwenda, mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Tadea ana mama. Aje."

Aurelia